Anayeitika Ngazini

Lango la Hifadhi, Milima ya Lukwembe
4 Julai 2024

Shangazi yangu Bi Riyama,

Shikamoo. Ukishanipa marahaba yangu, nisalimie Faiza wa chumba cha chini na mama yake, na watu wote wa Mkunazini wanaoniulizia, na wasioniulizia pia wape salamu wapate aibu. Mimi mzima, nnakula, nnalala, na koti la sufi ulilonipa nnalivaa mpaka kitandani, maana baridi ya huku haina adabu. Barua hii kaibeba Hasan, yule wa Malindi anayekuja kununua viazi na karoti chini ya mlima na kuzipeleka Darajani. Ameniahidi kuwa kila akija atapita hapa langoni, basi usinung'unike tena kwamba nimekutupa.

Nimepandishwa kazi, Shangazi. Sasa mimi ni mwongozaji kamili, wageni nnawachukua mwenyewe. Tunaanza asubuhi kwenye mashamba ya migomba, tunaingia msitu mkubwa ambao jua haligusi chini, wageni wanawapiga picha mbega wenye mikia mirefu myeupe, hondohondo wanapita juu wakipiga kelele kama watu wanaogombana. Kisha maporomoko ya maji, hapo kila mzungu lazima aoge hata akitetemeka. Baada ya hapo ni mianzi tupu, na juu ya mianzi miti mifupi imening'iniza ndevu za kijivu, ukiziona utadhani ule mwani wanaouanika Jambiani. Huko juu kabisa ni mawe, majani na ukungu. Nyati wapo, chui yupo, ila yeye hutuona sisi, sisi hatumwoni.

Sasa nikwambie jambo ulicheke. Juzi nilikuwa na mke na mume, Waholanzi wapenda ndege. Tumeshaipita mianzi, ukungu umeshuka, hatuonani. Nikasikia nnaitwa: "Ubwaa! We Ubwa!" Sauti yako, Shangazi. Ile ya magharibi, nikiwa nnacheza mpira, ile unayoivuta mwisho mpaka majirani wanacheka. Nami kabla sijafikiri nikaitika "Naam!" kwa sauti ya juu, kama ulivyonifunza. Wageni wakageuka wakaniuliza nasema na nani. Pale hapakuwa na mtu, na hata ndege walikuwa wamenyamaza.

Mzee Kurwa, mkuu wa wapagazi, mtu wa vijiji vya hapa chini, alinishika mkono akaniweka katikati ya msafara. Tukatembea hivyo mpaka kambini. Akaniuliza, "Ulimwona aliyekuita?" Nikamwambia sikumwona. Akasema, "Basi kwa nini ulimjibu?" Nikamwambia kwetu mtoto akiitwa haulizi, anaitika, na mtoto wa Bi Riyama akiitwa mara mbili ujue kafa. Nilicheka peke yangu.

Hebu niambie basi, uliniita? U mzima? Maulidi sitaweza kuja, huu ndio msimu wa wageni. Oktoba ukiisha msimu nitakuja, tena nitakaa mpaka unifukuze.

Mwanao,
Ubwa Simai


Mkunazini, Unguja
27 Julai 2024

Mwanangu Ubwa,

Marahaba, na marahaba nyengine kwa ile shikamoo uliyoisahau kwenye barua ya Idi. Mie sijambo. Mkono tu unaniuma, ndio maana Faiza ananiandikia, na usianze maswali. Nadra, yule uliyecheza naye utotoni, yuko Kendwa, anafanya kazi hotelini, kanenepa, kaniletea sabuni ndogondogo za hoteli ambazo hazitoi povu. Bi Wanu wa Jambiani kalalamika mwani mwaka huu umeoza, lakini yule hata akipata pepo atalalamika. Taa ya ngazini imeungua na mwenye nyumba hajaja kuibadilisha. Basi mambo ya mjini ndiyo hayo.

Umepandishwa kazi, hongera. Lakini nakuuliza, wewe uliyezaliwa karibu na msitu wa Jozani, ambako kima punju wanakaa barabarani kama wanasubiri nauli, ukaenda bara kuwaonesha watu mbega? Wageni hao hao si wanakuja hapa? Kizimkazi wanapelekwa kutazama pomboo, wanarudi wamefurahi, na vijana wanaowapeleka wanalala kwa mama zao.

Sikukuita. Mtu mwenye akili zake haiti kutoka Unguja akasikilikana bara. Na simu nshakwambia siitaki, sauti isiyokuwa na mtu inanitia kichefuchefu. Ukitaka kusema nami, njoo, au andika nikapapase karatasi yako. Na huyo mzee Kurwa msikilize. Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Najua nilikufunza vyengine, tena kwa kofi. Nilikufunza kwa mtaa huu, ambao kila anayekuita anakujua mpaka babu yako. Ya milimani sikuyajua.

Njoo Maulidi. Nimesema njoo, sikusema ukipata nafasi.

Shangazi yako,
Riyama

Kaka Ubwa, haya ni yangu mimi Faiza, yeye hajui. Si mkono, ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, sasa anaona mwanga tu na vivuli. Daktari anataka kumpasua Oktoba, naye kasema hapasuliwi mpaka uje umshike mkono. Na jengine. Kila magharibi hufungua dirisha akakuita jina lako, mara mbili, kisha akafunga. Anadhani hatumsikii. Sote tunamsikia.


Lango la Hifadhi
20 Agosti 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na nyengine ya akiba. Sabuni za Nadra zitie maji ya moto zitatoa povu. Mimi mzima, isipokuwa sauti imenikauka. Ni baridi. Wageni nnawaongoza kwa mikono, wao wanadhani ndio utaratibu wa hifadhi, tusiwasumbue wanyama, na wenyewe wananong'ona. Wiki iliyopita wanafunzi wa chuo walikuja kutafuta vinyonga wenye pembe, wakawapata wawili kwenye kichaka kimoja, wakafurahi kama wameoa. Tuliona na nyayo za tembo juu kabisa penye mawe. Hakuna anayejua tembo anatafuta nini kule, maana majani yenyewe ni makavu.

Mkono ukimuuma mtu huenda kwa daktari, Shangazi. Daktari akisema jambo, hufuatwa. Mimi nitakuwa nawe siku hiyo, niandikie tu ni lini.

Kabla sauti haijakauka Mzee Kurwa alinieleza sheria yao. Ukishaivuka mianzi, jina la mtu halitajwi. Mpagazi akimtaka mwenzake hugonga dumu kwa kijiti, akasubiri. Na ukisikia jina lako, hata kama ni sauti ya mama yako mzazi, unakaa kimya mpaka anayekuita aje akuguse. Nikamuuliza ukiitika inakuwaje. Akasema itikio ni kitu cha mtu, ukikitoa kinachukuliwa, na chenyewe kinakwenda kule ulikotaka kwenda. Nilimwuliza kwani mimi nilitaka kwenda wapi. Aliniangalia akasema, "Wewe ndiye ujuaye ulikuwa unamwitikia nani." Kisha akaenda kukoka moto.

Usiniulize kama nimeitwa tena.

Maulidi haiwezekani, nisamehe. Lipo kundi la watu kumi na wawili wanaotaka kulala juu kuona jua likichomoza, na mwongozaji mwengine kaumwa homa. Ila Oktoba nakuja, macho yako yatashuhudia.

Mwanao,
Ubwa


Mkunazini
15 Septemba 2024

Ubwa mwanangu,

Marahaba. Leo ni mkesha wa Maulidi, watu wote wamekwenda viwanjani na mie nimebaki na Faiza, ambaye nshamgombeza kwa mdomo wake mrefu. Macho yangu ni yangu. Kama yanazima, yanazima kwa faragha yao, sikutaka yawe habari ya mlimani. Lakini kwa kuwa ushajua, basi ujue yote: daktari kasema tarehe ishirini na mbili ya Oktoba, na mie kwenye kile kitanda silali bila ya wewe. Siogopi kisu. Naogopa kuamka nikaulizia mtu, nikaambiwa hayupo.

Sasa nikuulize, na unijibu kwa haki. Umekuja Unguja ukajificha?

Maana mwezi huu wote, nikishafungua dirisha magharibi, nikishakuita, kwa sababu nakuita, naam, Faiza kashakwambia na hilo, basi nikikuita naitikiwa. Si kutoka nje. Kutoka ndani, ngazini, pale chini kabisa penye mlango. "Naam." Mara moja tu, kwa adabu. Siku ya kwanza nilidhani ni Hasan analeta barua, nikamwambia apande, hakupanda mtu. Siku ya pili nilisema masikio nayo yameanza. Sasa nshazoea. Nakuita, unaniitikia, nafunga dirisha, nasali. Nakwambia kweli, nalala vizuri kuliko mwaka mzima uliopita. Na kila siku sauti inapanda vidato vichache vya ngazi.

Kama ni wewe unanichezea, mchezo umekwisha, njoo juu ule. Kama si wewe, nijibu upesi nijue nnasema na nani.

Shangazi yako,
Riyama

Kaka Ubwa, ni kweli. Mimi na mama tumemsikia. Ni sauti yako haswa. Nilitoka na tochi, sikuona mtu, ila vidato vilikuwa vimelowa na ngazi nzima inanuka majani mabichi, na baridi yake si ya Unguja. Mama kasema tusome Yasini. Tumesoma, lakini bado yupo.


Lango la Hifadhi
1 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za watu, nisamehe.

Mimi sijakanyaga Unguja tangu mwaka jana. Wallahi si mimi. Usimwite tena. Magharibi funga dirisha, washa redio, mwite Faiza alale kwako, fanya lolote lakini jina langu usilitaje. Na ukisikia "naam," usiseme kitu.

Nakuficha nini sasa. Nimeitwa tena, mara nyingi. Kila tukiivuka mianzi, wakati ule ule jua linapozama, unaniita mara mbili. Nilinyamaza kama nilivyoambiwa. Lakini siku ile ya Agosti niliposoma maneno ya Faiza kwamba unafungua dirisha, nikapanda, ikaja sauti yako, na mimi nikajua ni kweli upo dirishani saa hiyo hiyo. Nikaona haya kunyamaza. Nikaitika kwa makusudi, Shangazi, kwa nguvu zote, mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na hamu nawe. Basi tangu siku ile sauti haikurudi kabisa, haikuwa baridi kama nilivyokwambia, na hata nikitaka chai nnaandika. Na koti lako nililianika juu ya mwamba, nikageuka kumimina chai, halipo. Wapagazi wote walikuwa mbele yangu. Mzee Kurwa hakulitafuta hata kidogo. Kasema limemfuata mwenyewe.

Ananiambia nishuke niende kwetu kabla huyo wa ngazini hajafika juu kwako. Nami nnakuja. Nitakuwepo tarehe ishirini na mbili, nitaushika mkono wako, na ukiamka nitakuwa hapo.

Ubwa


Mkunazini
24 Oktoba 2024

Ubwa,

Marahaba. Tarehe ishirini na mbili imekuja na imepita. Nilivaa kanga mpya, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango tangu alfajiri, gari ya kunipeleka hospitali ikaja ikaondoka. Adhuhuri Hasan kaleta kikaratasi chako, kwamba kumekuja kundi kubwa la wageni dakika za mwisho na mkubwa wako hakukupa ruhusa. Sikulia. Niliwaambia watu nimepata mafua. Hospitali wamesema labda mwakani.

Nimeshuka chumbani kwa Faiza kuandikisha barua hii, maana yeye hapandi tena kwangu. Basi sikiliza.

Siku ile ile, magharibi, sikufungua dirisha. Nilikuwa nimeghadhibika, sikutaka hata kulitaja jina lako. Nikasema tu, taratibu, kama mtu anayejisemea, "Ubwa, hukuja." Nikaitikiwa nyuma ya mlango wa chumba changu. "Naam, Shangazi." Mwanangu, sauti ilikuwa karibu hivyo. Nilifungua. Sikuona ila kivuli kirefu, kimejiinamia kama unavyojiinamia ukijua umekosa. Nikanyoosha mkono nikagusa bega. Ni koti lile la sufi, limelowa chapachapa. Nikauliza wewe nani, akasema, "Mimi." Nikauliza unataka nini, kivuli kikazidi kujiinamia.

Tangu siku hiyo yupo pale nje ya mlango. Haingii. Chakula nikimwekea hakipungui, ila kinapoa upesi mno. Akiitwa anaitika, asipoitwa hasemi, hapigi hodi, hanung'uniki. Anangoja nimwambie karibu. Najua, na wewe unajua, katika nyumba yetu mtu haachwi mlangoni. Baba yako Simai, Mungu amrehemu, hata mwenye kumdai alimkaribisha kwanza.

Niambie nimwambie nini. Barua yako ndiyo naisubiri. Lakini usichelewe, Ubwa, maana aibu inanishinda, na upweke nao unanishinda.

Riyama

Kaka, njoo. Mimi Faiza nakuomba. Sisi tunahamia kwa shangazi yangu Jambiani mwisho wa mwezi, mama hataki tena kukaa hapa.


Mjini chini ya mlima
8 Novemba 2024

Shangazi,

Barua yako nimeipata leo. Ilikaa langoni zaidi ya wiki mimi nikiwa juu na wageni. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekimbia mpaka huku mjini kwenye mtandao wa simu. Usimkaribishe. Nnaandika neno hili kwanza, mengine baadaye. Usimkaribishe.

Nimempigia Faiza. Amepokea, akasema amerudi kuchukua masanduku yao ya mwisho. Nilitaka kusema jina langu, ikatoka pumzi tupu. Akasema, "Nani? Nani wewe?" Nikajaribu tena, nikajaribu mpaka koo likauma. Akasema kama ni mzaha nimche Mungu. Na nyuma yake, kwa juu, nikasikia mtu anakusomea gazeti, anaiga sauti za wanasiasa, nawe unacheka kile kicheko chako cha kukohoa. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu nilipokuwa nasoma sekondari. Sauti ya yule msomaji naijua, Shangazi. Ni yangu. Simu ikakatika, na ujumbe nilioandika haukwenda.

Basi ushamkaribisha.

Sikulaumu. Aliyepaswa kuwa pale mlangoni ni mimi. Nilikuwa juu, nawaonesha watu jua. Kila mara nilisema wageni hawa tu, kisha nnakwenda, na kila mara nilijua unaningoja. Nimeona haya, nimeumia, na nnaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hata sasa siwezi kupanda basi la leo. Wageni wako kambini na mmoja kaanguka penye maporomoko kavunjika mguu, wapagazi ni wachache, lazima abebwe kwa machela niliyoshuka kuichukua, na njia ya huko naijua mimi na Mzee Kurwa tu. Nikimwacha atakufa. Tukimfikisha chini nakuja moja kwa moja, hata kazi yenyewe nimeiacha, nimemwandikia mkubwa. Nitapanda boti ya Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Hasan anaondoka leo na barua hii, naye ataniona bandarini Dar akija kupakia mzigo wake mwengine.

Nikifika sitaweza kukuita. Nitapanda ngazi, nitagonga mlango. Tafadhali nifungulie mwenyewe, usimtume yeye. Nishike uso kwa mikono yako yote miwili kama ulivyonishika siku tuliyomzika baba. Utanijua. Nakuomba sana, Shangazi, unijue.

Ubwa


Mkunazini
14 Novemba 2024

Kwa uliye mlimani,

Barua yako imefika, ingawa safari hii hukuniamkia.

Faiza na mama yake wamehama, chini hakuna mtu, nyumba imetulia. Kwa hivyo barua hii kaiandika Ubwa. Amekaa hapa kwenye ukingo wa kitanda, mie nasema yeye anaandika, hati yake nzuri vile vile. Vidole tu ndio baridi, lakini kalamu anaishika.

Barua yako kanisomea yeye. Hakuruka neno, hata pale ulipomtaja kwa ubaya. Kanisomea kwa sauti yako, polepole, na alipofika pale penye kumzika baba yako nililia, sikufichi, nililia mpaka akaniwekea mkono kichwani. Kisha akaniuliza kama aendelee.

Nami si mjinga. Uso wake nishaushika, kwa mikono yote miwili. Sikwambii nimeona nini kwa vidole vyangu. Nakwambia tu kwamba niliitoa mikono, nikafikiri muda mrefu, kisha nikairudisha.

Nilikuita Idi. Nilikuita Maulidi. Nilikuita siku ya kupasuliwa macho, nikakaa kwenye kiti na kanga mpya kama mtoto anayesubiri kupelekwa sikukuu. Kila mara ulikuwa na wageni, na kila mara walikuwa wageni wa mwisho. Hata leo, wewe unayelia na kuogopa, ulitanguliza mgeni. Huenda ni haki, mtu kavunjika mguu. Kwako daima ilikuwa haki. Huyu hana wageni. Nikisema Ubwa, kabla sijafunga mdomo kashaitika, asubuhi, mchana, magharibi. Macho sipasui tena, daktari nimemwambia asinihesabu. Ninachokitaka nakisikia, na nikiona sijui kama nitaendelea kukitaka.

Unasema utakuja Jumamosi, utagonga, hutasema. Mwanangu, mie kipofu. Mtu asiyesema nitamjuaje? Nyumba za mji huu zinagongwa na kila mtu. Tumekubaliana hapa ndani kwamba Jumamosi mlango wa chini tutautia komeo, na akigonga mtu asiyekuwa na sauti hatutamfungulia, hata akigonga mpaka Jumapili.

Ubwa anasema nikuandikie na hili, yeye analijua kuliko mie. Juu ya mianzi, pale penye mwamba ulipoanika koti, ukungu ukishuka kuna anayekuita kwa sauti yangu. Hachoki, hakasiriki, hana habari ya mwaka wala msimu. Huyu wangu anasema nafasi yake huko iko wazi tangu alipoondoka, na ile baridi, mtu huizoea.

Hasan atakupa barua hii bandarini kabla hujapanda boti. Ukishaisoma, usipande.

Riyama